Jina Nililompa Twaiba

Maimuna wangu,

Salamu nitakupa kesho kwa mdomo, kabla hujapanda boti ya kwenda uwanja wa ndege wa Manda, kwa hiyo hapa sipotezi wino. Sasa hivi uko kwa shangazi zako Langoni, unaaga. Najua wanakulisha, na najua kila mmoja anakueleza baridi ya Nyeri kana kwamba amerudi huko jana. Baba yako amejinyoosha kidogo baada ya alasiri. Mimi niko jikoni. Unga wa singo nimeuanika kwenye sinia, mlango nimeufunga upepo usinimwagie, na nimekalia mbuzi ya kukunia nazi kwa sababu nyumba nzima ndicho kiti pekee ambacho hakina begi lako juu yake.

Habari za sweta, za blanketi na za kupiga simu ukifika siziandiki. Nimezisema mpaka nimejichosha mwenyewe. Hata Mutua wa saiba, yule wa kompyuta za kukodisha, amezisema, na yeye angalau kwao ni bara, anaijua baridi. Na habari za kujivunia vilevile siziandiki, maana hizo nimewaachia watu. Mtaa mzima unajua kwamba binti wa Asya anakwenda chuo kusomea ufamasia. Wasiojua ni waliokuwa safarini, na hao nitawaambia wakirudi.

Ninaloliandika ni lile tuliloliacha kwenye mkeka juzi mchana. Wakili anataka ushahidi wako kabla wiki hii haijaisha, nawe utakuwa huko, peke yako, na simu yako na hofu yako. Nataka ukikaa kuandika uwe na maneno yangu mbele yako, si sauti yangu ya juzi. Ndiyo maana nayapanga yote tangu mwanzo, pamoja na yale unayoyajua. Nivumilie. Mikono imezoea mchi kuliko kalamu.

Bi Zena hukumkuta. Alikuwa bibi yangu, mama yake mama, na maharusi wa Amu, wa Pate na wa Siyu walisuguliwa singo yake: liwa, ule mti wa kunukia, mawaridi, karafuu, na vingine ambavyo wewe unavijua na karatasi haina haja ya kuvijua. Hakuwa na duka. Hakuwa na kibao. Mtu aliyetaka singo aliambiwa, "Nenda kwa Bi Zena," akaja akabisha hodi. Na wasichana waliletwa wajifunze. Msichana akishaiva kazi, au akiolewa, siku ya kuondoka alipewa chetezo cha udongo kilichokwisha kufukizwa udi humu ndani, naye bibi akamwambia, "Umetoka kwa Bi Zena." Basi. Hakuongeza neno. Kila mtu alielewa: ukifika uendako, ukiulizwa kazi umeijulia wapi, utaitaja nyumba hii na nyumba hii haitakukana.

Mimi nilipopewa changu nilinuna. Nilikuwa hodari kuliko wote waliopita mikononi mwake, na hili si kujisifu, wako walio hai waulize. Nilitaka hotuba. Nilitaka wageni wasikie nilivyokuwa hodari. Bibi akanitia chetezo mkononi, akasema maneno yake, akageuka kupepeta. Nikajiambia, siku nyumba hii ikiwa mkononi mwangu, watu watasikia.

Na wakasikia.

Twaiba aliletwa kutoka Siyu wewe hujaanza shule. Alikubeba mgongoni mpaka watu wakadhani nina mabinti wawili. Ndiye aliyekufundisha kufunga viatu, maana mimi nilikuwa na shughuli, na mpaka leo unafunga kama yeye, fundo nje. Alikuwa na pua, Maimuna. Nikimtia liwa mbichi kwenye fungu la liwa kavu alikuwa anasema, "Mama, hii haijalala bado," na kweli haijalala. Nilikuwa najivuna naye kama ninavyojivuna nawe, ila wewe una pua kidogo na akili nyingi, yeye kinyume chake. Usikasirike. Unajua ninavyotania.

Akaposwa na watu wa Mombasa. Siku ya kumuaga ulikuwa darasa la sita. Tulikusanyika sebuleni wanawake watupu, simu zote zimekusanywa mlangoni kwenye kikapu kama kawaida yetu, watu wavue mabuibui wacheke kwa raha. Kikapu nilikishika mimi mwenyewe. Umekumbuka? Wifi yake mtarajiwa, yule mrefu mwenye miwani, akakaa kwenye mto wa mbele kabisa akasema kwa sauti ya kusikika, "Na huyu bi harusi wenu, anakuja na nini zaidi ya harufu?"

Watu wakacheka. Twaiba akainamisha kichwa. Nikaona masikio yake yamekuwa mekundu.

Nikasimama na chetezo. Ilikuwa niseme maneno ya bibi, nikae. Lakini nilimtazama yule wifi na miwani yake, nikaona sebule imejaa, nikasema, "Anakuja na jina. Twaiba, nenda. Jina la Bi Zena ni lako kama lilivyo langu. Popote utakapokuwa, hapo ndipo kwa Bi Zena!"

Vigelegele vikapigwa mpaka mbuzi wa jirani akakata kamba. Wifi akavua miwani akaifuta. Maisha yangu yote sijasema maneno yaliyopokelewa vizuri namna ile, na kwa miaka nilikuwa nikiyasimulia kila arusi, na kila mara nikiyasimulia yalikuwa yanarefuka kidogo. Lakini hayo niliyoyaandika hapo juu ndiyo niliyoyasema siku ile. Hayakupungua wala hayakuzidi.

Kisha miaka ikaenda, ukamaliza fomu foo, ukaniletea habari ya tovuti. Nilidhani ni mchezo. Ukakaa na Mutua kwenye saiba yake kule gati, mkatengeneza, mkaweka picha ya mlango wetu na ya chetezo, mkaandika bei, na anwani yake ikawa jina la nyumba tu, limeunganishwa, na mwishoni ile alama ya Kenya. Mwezi haukuisha nikapata oda ya Muscat! Nilizunguka mtaa na simu mkononi nikiwaonyesha watu walioniomba na wasioniomba. Nikaenda mbali zaidi, nikasajili jina liwe alama ya biashara, na cheti nikakitia kwenye fremu pale juu ya friji.

Siku ile ile uliponionyesha anwani uliniambia kitu. Ulisema, "Mama, tuchukue na ile inayoishia kwa kom, na moja yenye neno singo, mtu asije akatutangulia." Nikakujibu, "Jina ni moja, nyumba ni moja, tununue mara mbili kwani tumepoteza ya kwanza? Nani Amu hii atathubutu?" Mutua akacheka. Akasema kwa kile Kiswahili chake, "Mama Maimuna, huko kwa mtandao hakuna mtaa. Hakuna mtu atauliza huyu ni mtoto wa nani." Nikamwambia arudi kuchapa karatasi za watu.

Hilo la kwanza, mwanangu, nakukubalia bila kesi. Uliona, mimi nikajivuna. Nimezoea mahali ambapo mtu akijiita wa kwa fulani, kabla hajamaliza sentensi kuna mtu barazani anayemjua mama yake. Nilidhani dunia yote ina baraza.

Basi ikaja ile simu ya mama wa bi harusi, hukumbuki vizuri kwa sababu ulikuwa na mtihani wa kompyuta siku ile. Mwanamke sijawahi kumsikia, yuko Muscat, ananifokea kwamba binti yake amevimba shingo na mikono kwa singo yangu, na arusi imebaki siku chache. Nikamwambia, "Bibi, mimi sina oda yako." Akasema, "Ninayo hapa mbele yangu, kwa Bi Zena, Lamu, mlango wenye nakshi." Nilikwenda kwenye pipa la unga nikajipaka mkono mzima, mpaka begani, nikakaa kutwa nzima nikijitazama kama mgonjwa. Hakuna kitu.

Wewe ndiye uliyeipata ile tovuti nyingine. Jina la nyumba yetu lile lile, limeongezwa singo, na mwishoni ile kom niliyoikataa. Mlango wetu. Chetezo cha humu ndani, chenye ufa mdogo mdomoni, ambacho nilikijua kabla sijavaa miwani. Na maneno: "Nyumba ya asili ya Bi Zena, Lamu. Tunatengeneza kwa mikono yetu hapa hapa." Ulipoteremsha chini zaidi kulikuwa na nambari ya simu ya Mombasa, na nambari ile ilikuwa imo kwenye simu yangu, imeandikwa Twaiba.

Unajua tulivyofanya. Tulipata wakili, naye akatueleza, na wewe ukanitafsiria pole pole, kwamba kesi hizi hazina mahakama wala jaji wa kuvaa joho. Kuna mwamuzi mmoja mahali fulani, hatumjui wala hatujui, atasoma karatasi zetu na zao na kuamua anwani ibaki kwa nani. Na ili tushinde lazima mambo matatu yasimame pamoja: majina yafanane kiasi cha kumchanganya mtu, na hilo lipo; aliyeichukua asiwe na haki wala sababu halali ya kulitumia jina; na awe ameichukua na kuitumia kwa nia mbaya. Likianguka moja, yote yameanguka. Mimi niliposikia "sababu halali" niliyakumbuka maneno yangu ya sebuleni, lakini sikukuambia. Nikasema, "Peleka."

Siku Twaiba alipopata barua ya mashtaka alinipigia. Wewe ulikuwa sokoni. Nakuandikia mazungumzo yalivyokuwa, kwa sababu hukuyasikia na una haki ya kuyajua.

Akasema, "Mama, umenishtaki?"

Nikasema, "Umenivua nguo."

"Mimi nimekaa kwako, umenisuka, umenilisha, yeo naitwa mwizi, tena kwa Kiingereza. Si ungenipigia simu unigombeze? Ningelia, ningenyamaza."

"Na mlango wangu unafanya nini kwenye ukurasa wako?"

"Wateja wanataka Lamu, Mama. Ukiwaambia Mombasa wanahama. Na mlango ule nimeufagia miaka mingapi?"

"Ungefagia wako ukaupiga picha!"

Hapo alicheka. Wallahi alicheka, na mimi nusura nicheke, nikajizuia. Nikamuuliza juu ya yule bi harusi. Nikamwambia, "Kabla hujatuma, ulijipaka mkononi ukalala nayo?" Ndiyo kanuni ya nyumba hii, hata wewe uliyejifunza kwa kuchungulia unaijua: hakuna singo inayotoka bila kulala kwenye ngozi ya aliyeitengeneza. Akasema, "Oda zilikuwa nyingi." Lakini sitaki uandike kwamba ndiyo sababu ya yule mtoto kuvimba. Sikuwapo. Huenda alijipaka na kitu kingine. Nilitaka sana iwe ndiyo sababu, na kitu unachokitaka sana hivyo si cha kukiapia.

Kabla ya kukata alisema, "Mama, wewe ulinipa. Ulisimama ukasema mbele za watu. Maimuna alikuwepo, ameshika sinia la asmini. Muulize Maimuna. Yule hasemi uongo."

Na mimi, mama yako, unajua nilimjibu nini? Nilimjibu, "Naam, mwanangu hasemi uongo, nimemlea mimi!" Katikati ya ugomvi, nikijivuna. Nikakata simu nikiwa nimeshinda.

Sasa njoo juzi. Tumekaa tunakula, wewe simu imeita, ukasoma ujumbe wa wakili kwa sauti: upande wa pili wanadai kuwa mlalamikaji alimruhusu Bi Twaiba kulitumia jina, je, ni kweli, na kama kuna shahidi aandike na kutia sahihi. Ukanitazama.

Nikasema, "Andika hapana."

"Mama, nilikuwepo."

"Ulikuwa mtoto. Ulikuwa unakula halua."

"Nilikuwa nimeshika sinia la asmini."

Neno kwa neno kama Twaiba, na hukuwa umemsikia. Baba yako akaacha tonge sahanini akasema anakwenda msikitini. Adhuhuri ilikuwa imekwisha kitambo na alasiri bado. Nikasema tena, sauti imepanda, "Simu zote zilikuwa kikapuni. Hakuna picha, hakuna sauti. Ni maneno yao na yetu." Ukainuka, ukaenda kuosha sahani nilizokwisha kuziosha.

Tangu hapo tumezungumza habari za mabegi tu.

Nakuambia kilichonipata, maana sitaki udhani nimekaa tu. Usingizi umenikimbia. Nimekuwa nikipiga hesabu ya wanawake waliokuwemo sebuleni siku ile: yupi atasema, yupi atasahau, yupi ni wa kwetu. Nikajiona nimefika mahali nawapanga wazee wa watu kichwani, huyu ni mgonjwa hatahojiwa, huyu ana deni la wema kwangu. Kisha nikafika kwako kwenye orodha hiyo. Nikakukuta umesimama na sinia lako, darasa la sita, soksi moja imeshuka, unanitazama mdomo wazi kwa sababu mama yako anapigiwa vigelegele.

Nikasema, huyu nimempanga wapi?

Twaiba anakutegemea useme kweli. Mimi nilijisifu kwamba utasema kweli. Kisha nikakuambia useme uongo, na nilitaka uongo huo uwe wa kwanza kutiwa kwenye begi, kabla hata ya sweta, uende nao chuo wanakofundishwa watu kupima dawa. Nimeogopa mambo mengi ya safari hii. Naogopa ndege, ingawa nimewaambia watu mimi ndege si kitu. Naogopa usiku wa kwanza utakapolala kwenye chumba kisichonukia chochote. Naogopa utaugua usiniambie. Lakini hayo yote ni ya kuogopewa na mama yeyote. Hili nililifanya mwenyewe na nikasahau kuliogopa.

Kwa hiyo, andika hivi. Andika kwamba ulikuwepo. Andika maneno niliyoyasema, yote, na lile la "popote utakapokuwa" usiliruke, hata kama wakili atakuna kichwa. Wakikuuliza kama nilikuwa na akili timamu, andika ndiyo, ila nilikuwa na wageni.

Kisha andika na yale ambayo sikumpa, kwa sababu hayo nayo ni kweli na mwamuzi ana haki ya kuyasikia. Sikumpa aseme anatengeneza humu ndani wakati anatengeneza kwao. Sikumpa mlango. Sikumpa awapokee watu wanaonitafuta mimi, awaache waamini wamenipata. Mwandikie pia desturi ya nyumba, kwamba chetezo humwambia mtu alikotoka tu. Mimi siku ile, kwa ajili ya mwanamke mwenye miwani, nilitaka kumpa Twaiba na kule anakokwenda, na hilo halikuwa langu la kutoa. Sijui mtu aliyekaa mbali na karatasi zake atalielewa namna gani. Huenda akasema, mama huyu alitoa jina kwa mdomo wake mwenyewe, ananung'unika nini? Huenda akatwambia anwani ile ibaki kwa Twaiba. Hilo naliogopa, sitakuficha. Jina la bibi yangu litakuwa na milango miwili, na mgeni hatajua upi ni upi, na kila mtoto wa watu atakayevimba shingo nitapigiwa simu mimi.

Basi nitapigiwa. Nitajibu. Nina mdomo.

Ukishaondoka kesho, nikishamaliza kulia gatini (nimewaambia watu sitalia, usinishuhudie), nitampigia Twaiba. Sijui nitamwambia nini. Nadhani nitaanza kumgombeza kwa Kiamu, kama alivyotaka, na nimwambie ateremshe ule mlango hata kabla mwamuzi hajasema, na aandike Mombasa kwa herufi kubwa, asione haya, na ajipake mkononi kabla hajatuma. Halafu nitamwambia kwamba nimekuambia uandike kweli. Huenda akalia akanyamaza. Huenda akanicheka. Nikimsikia anacheka nitajua kuna kitu kimebaki.

Unga umekauka sasa. Nimeujaribu mkononi, wacha ulale. Ni wa yule bi harusi wa Muscat, nimeamua kumpelekea unga mwingine, uliotoka hapa kweli. Safari hii anaolewa dada yake.

Jambo la mwisho, kisha nifiche karatasi hii mahali utakapoiona ukiwa umeshapaa. Chetezo chako kimo kwenye begi jeusi, katikati, kimefungwa na leso yangu ya zambarau, usilitupe begi hilo. Ni cha hapa, kimefukizwa, nilikitayarisha tangu ulipopata barua ya chuo. Ilikuwa nikukabidhi kesho gatini. Shangazi zako watakuwepo, majirani, Mutua ameahidi kufunga saiba aje, na wale wanawake wa mtaa wa pili ambao binti zao hawakufaulu. Unanijua nikiona watu. Ningesimama. Ningesema mambo ambayo ungekaa miaka ukiyabeba, au mtu mwingine angekuja kukudai kwayo.

Kwa hiyo nakupa hapa, jikoni, mlango umefungwa, hakuna wa kunipigia kigelegele.

Umetoka kwa Bi Zena.

Mama yako,
Asya